Ng'ambo ya barabara, ng'ambo ya bahari: kodi za nyumba kwa mnunuzi mgeni

Hapa Busia mtu anaweza kunywa chai Uganda na kulala Kenya. Shangazi yangu, mfanyabiashara wa dagaa, alivuka barabara mwaka 2019 akanunua nyumba ya vyumba sita vya kupangisha upande wa pili, mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Moyoni hakuhisi kwamba amenunua nyumba ugenini. Watu ni wale wale, lugha ni hii hii, bodaboda ni zile zile. Lakini mbele ya sheria ya Kenya yeye ni mgeni sawasawa na Mjerumani anayenunua nyumba Diani, na hilo alilijua pale kodi zilipoanza kumjia moja baada ya nyingine.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa swali lile lile na jamaa na marafiki, hapa mpakani na kule Kampala: nikipata akiba yangu, ninunue wapi nyumba nje ya Uganda? Nairobi? Zanzibar? Dubai, maana wafanyabiashara wa Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, wanaizungumzia kila siku? Uingereza aliko mwanangu? Na ndugu wa Kongo na Kenya wanaoishi Kampala huuliza kinyume chake: sisi tukinunua hapa Uganda, tutatozwa nini?

Dalali atakutajia kodi moja tu, ile ya kununulia. Nyumba ina nyakati nne za kodi: siku unayoinunua, kila mwaka unaoimiliki, kila mwezi unaoipangisha, na siku unayoiuza. Ukilinganisha nchi mbili kwa ile ya kwanza peke yake, utachagua vibaya. Na kuna jambo jingine linalowachanganya watu wengi: pasipoti huamua kama unaweza kumiliki, lakini kiwango cha kodi mara nyingi huamuliwa na ukaazi wako, yaani unakaa wapi siku nyingi zaidi katika mwaka.

Kabla sijaendelea, nitoe dhana moja njiani. Watu husema, "Si sisi sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Ndiyo, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi mwaka 2010 inasema wazi, katika ibara ya 15, kwamba mambo ya ardhi yatafuata sheria za kila nchi. Kitambulisho kinakuvusha mpaka. Ardhi hakikupi.

Kenya

Nianze na Kenya kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoangalia kwanza, na pia ndiko nilikoona mambo kwa macho yangu.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Kampuni nayo haikuokoi, kwa kuwa huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Shamba ndilo gumu zaidi: ardhi ya kilimo haiuzwi kwa mgeni bila kibali maalumu cha rais. Kwa hiyo tuzungumze nyumba na fleti za mjini.

Ushuru wa stempu, yaani ile kodi ya kununulia, ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 vijijini. Hapa raia na mgeni ni sawa. Angalia neno "thamani" lakini. Shangazi alinunua kwa shilingi 3,000,000 za Kenya akatenga 120,000 za stempu. Akaja mthamini wa serikali, kijana mtaratibu mwenye utepe wa kupimia. Alizunguka nyumba mara mbili, akafungua milango yote sita, akagonga ukuta wa choo kwa vidole, akaandika. Wiki mbili baadaye thamani ikatoka 3,400,000. Stempu ikawa 136,000. Hakuonewa. Kodi hufuata thamani ya serikali, na ile bei ya kwenye mkataba wenu hubaki kuwa ya kwenu.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa madeni. Kila mwaka mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi ya kaunti, ile ambayo wenyewe wanaiita reti, na kama kiwanja ni cha kukodi kuna kodi ya pango la ardhi ya serikali kuu. Hati haihamishwi bila cheti kuonyesha kwamba reti zimelipwa. Muuzaji alikuwa hajalipa miaka sita. Mkataba haukusema nani atalipa malimbikizo, na muuzaji alikuwa ameshapokea nusu ya fedha na kuacha kupokea simu.

"Mwanangu, nifanye nini?" shangazi aliniuliza, ameshika ile karatasi ya deni iliyokunjwa mara nne.

"Shangazi, ukitaka hati, lipa. Halafu tumdai."

Alilipa zaidi ya elfu themanini. Hatukumpata yule mtu hadi leo. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: omba taarifa ya reti kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, na mkataba useme kwamba madeni yote ya kabla ya mauzo ni ya muuzaji na yatakatwa kwenye bei.

Sasa kupangisha, ambako mgeni anaumia kweli. Mkazi wa Kenya anayepata pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya mapato hayo tangu Januari 2024. Asiye mkazi hulipa asilimia 30, tena ya pato zima. Huruhusiwi kutoa gharama ya rangi, bomba lililopasuka wala riba ya mkopo. Chukua vyumba sita vya 4,500 kila kimoja: ni 324,000 kwa mwaka. Mkenya wa jirani analipa 24,300. Shangazi, anayelala Uganda kila siku, ni 97,200. Ni nyumba zilizopakana, zenye mabati ya aina moja, na tofauti ni mara nne.

Dalali alikuwa amemwambia kiwango cha wakazi. Sidhani alidanganya kwa makusudi. Nadhani hakujua kwamba kuna viwango viwili.

Na siku ya kuuza, faida hutozwa asilimia 15. Hadi mwisho wa 2022 ilikuwa asilimia 5, kwa hiyo makala nyingi za zamani zitakupotosha. Jambo ambalo mgeni anayehesabu kwa dola hulisahau ni kwamba faida huhesabiwa kwa shilingi ya Kenya. Tuseme ulinunua mwaka 2018 fleti ya dola 100,000 wakati dola ikiwa karibu shilingi 100. Ukiiuza leo kwa dola zile zile 100,000, dola ikiwa karibu 129, wewe hujapata kitu. Vitabu vya Kenya vinaona ulinunua kwa milioni 10 ukauza kwa milioni 12.9. Faida ni milioni 2.9, kodi ni 435,000, kabla ya kutoa gharama zinazokubaliwa. Hakuna nafuu ya kushuka kwa shilingi.

Tanzania Bara na Zanzibar

Hizi ni nchi mbili kwa habari ya ardhi, na anayezichanganya atapoteza muda.

Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Nyumba ya kupumzikia tu Bukoba au Mwanza, kwa jina lako, haipo katika mlango huo. Inasikitisha, kwa sababu kodi zake za kila mwaka ni nyepesi sana. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: tangu 2023 ni shilingi 1,500 za Tanzania kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila ghorofa ya jengo la ghorofa. Unanunua umeme, makato yanatoka hapo hapo. Tatizo lake ni dogo lakini huleta ugomvi: anayenunua umeme ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Watu waungwana humpunguzia mpangaji kwenye pango. Stempu ni asilimia 1, nafuu kuliko Kenya na hata Uganda.

Kama umeoa au kuolewa huko, au ndugu raia anakwambia muandikishe kwa jina lake, mpe sikio lakini usimpe fedha. Aliyeandikwa ndiye mwenye nyumba. Nimeona familia mbili hapa mpakani zikivunjika kwa sababu hiyo hiyo.

Zanzibar ardhi yote ni ya serikali, lakini mgeni anaweza kununua fleti katika miradi iliyoidhinishwa, kama ile ya Fumba, kwa mkataba wa miaka hadi 99. Ukiwekeza dola 100,000 au zaidi katika nyumba hizo unaweza kuomba kibali cha ukaazi. Kwa Mswahili anayetaka nyumba mahali ambapo atasikia adhana, ataelewa utani wa jirani na hatahitaji mkalimani akiugua, Zanzibar inampa hivyo kisheria kwa jina lake mwenyewe. Ila soma mkataba wa ada za uendeshaji wa jengo kabla ya kupenda bahari. Na tazama unanunua nyumba iliyosimama au mchoro.

Dubai

Ni kweli wanayosema Kikuubo: hakuna kodi ya mapato kwa mtu binafsi, hakuna kodi kwa mapato ya pango, hakuna kodi ya faida ukiuza. Katika maeneo yaliyotengwa, sheria ya 2006 inampa mgeni umiliki kamili, bila kikomo cha miaka. Ada ya kuhamisha hati ni asilimia 4, na kwa desturi hulipwa na mnunuzi ingawa sheria ina nafasi ya kugawana. Mpangaji hulipa ada ya manispaa ya asilimia 5 ya pango la mwaka, ikipitia bili ya umeme na maji, karibu na ule mtindo wa LUKU.

Ila usiseme hakuna gharama ya mwaka. Kila jengo lina ada ya huduma inayohesabiwa kwa futi ya mraba, na hiyo hulipwa nyumba ikiwa na mtu au ikiwa tupu. Fleti ya futi 700 kwa ada ya dirham 15 ni dirham 10,500 kwa mwaka, karibu dola 2,860. Mimi hiyo naihesabu pamoja na kodi, maana hukuichagua na huwezi kuikwepa. Nyumba ya dola 100,000 ikitoza hivyo, miaka kumi imekula zaidi ya robo ya bei. Anayenunua kwa ajili ya kupangisha bado anaweza kutoka na faida nzuri. Anayenunua ili alale wiki mbili kwa mwaka akifuata bidhaa Deira, hoteli ni nafuu. Kibali cha ukaazi cha miaka 10 huanzia nyumba za dirham milioni 2, kwa hiyo kwa wengi wetu hilo si hoja ya kununulia.

Uingereza

Hapa naomba msomaji mwenye mtoto au dada London, Birmingham au Leicester asome polepole.

Uingereza haimkatazi mgeni kununua. Inamtoza. Katika England, mtu anayehamia nyumba yake ya £200,000 hulipa stempu ya £1,500 kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025: sifuri kwa £125,000 za kwanza, asilimia 2 kwa zilizobaki. Asiye mkazi huongezewa asilimia 2 juu ya bei yote, tangu Aprili 2021. Na anayemiliki nyumba nyingine huongezewa asilimia 5, tangu mwisho wa Oktoba 2024. Swali linalowakamata watu wetu ni: nyumba nyingine wapi? Popote duniani. Nyumba yako ya Ntinda, Kampala, hata ile uliyorithi Jinja, huhesabiwa. Kwa hiyo Mganda mkazi wa Kampala mwenye nyumba yake analipa 1,500 na 14,000 juu yake: £15,500. Ni zaidi ya mara kumi ya jirani yake, kwa mlango ule ule.

Kodi ya halmashauri ya kila mwaka hulipwa na anayekaa ndani, kwa madaraja yaliyopangwa kwa bei za Aprili 1991. Ikiwa nyumba ya pili haina mkazi, tangu Aprili 2025 halmashauri inaweza kutoza maradufu. Ukipangisha kutoka nje, wakala hukata asilimia 20 na kuipeleka serikalini, mpaka upate idhini ya kulipa mwenyewe. Ukiuza, una siku 60 za kuripoti, na faida hutozwa asilimia 18 au 24. Na ukifariki, thamani inayozidi £325,000 inaweza kutozwa asilimia 40 kabla watoto hawajapata kitu, hata kama wewe hukuishi huko siku moja.

Ushauri wangu kwa familia nyingi: kama mtoto ni mkazi wa huko na hana nyumba popote, anunue yeye kwa jina lake, nanyi mumsaidie. Nyongeza zote mbili zinaweza kumwepuka. Lakini basi nyumba ni yake, na hilo mkubaliane kwa maandishi na kwa roho safi.

Kwingine, kwa haraka

Kanada imewafungia mlango wageni wengi wasio wakazi tangu Januari 2023, na katazo limeongezwa hadi mwanzo wa 2027. Singapore inatoza mgeni nyongeza ya asilimia 60 ya bei tangu Aprili 2023. Sioni sababu ya kuendelea na hesabu hiyo. Afrika Kusini haibagui wakati wa kununua, mgeni anapata umiliki kamili na kulipa ushuru ule ule wa uhamisho. Wakati wa kuuza ndipo mnunuzi wako huzuia asilimia 7.5 ya bei kama nyumba imezidi randi milioni 2, hadi hesabu za kodi zifungwe.

Mgeni anayenunua Uganda

Kwa ndugu wa Bunia, Kisumu au Mwanza walioko Kampala: kwa upande wa kodi, Uganda ni nafuu. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5, na hapa pia mthamini wa serikali ndiye mwenye neno. Nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo ya mji. Hutozwa ile ya kupangisha au ya biashara, na Kampala kiwango ni asilimia 6 ya thamani ya kodi, inayokokotolewa kutoka pango la mwaka. Mtu binafsi mkazi anayepangisha hulipa asilimia 12 ya pato linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Pango la milioni 2 kwa mwezi ni milioni 24. Toa 2,820,000, zabaki 21,180,000. Kodi ni 2,541,600. Gharama hazipunguzwi. Na ukikaa Uganda siku 183 au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili, wewe ni mkazi, hata kama pasipoti yako ni ya Kongo.

Ugumu wa Uganda uko kwenye hati. Asiye raia hupata mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Mailo, ile ardhi iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, huwezi kuimiliki. Mwenye mailo anaweza kukukodishia. Kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwenye mailo, usikiguse kabisa. Broka atakwambia ni bei rahisi, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, atapiga mhuri, majirani watatia sahihi, na bado sheria haitakutambua kuwa mwenyewe. Kodi ya pango la ardhi kwa mwenye kiwanja nayo uiweke kwenye hesabu, na usome miaka iliyobaki. Mkataba wa miaka 49 uliosainiwa mwaka 1990 umebakiza muda mfupi kuliko maisha ya nyumba iliyojengwa juu yake.

Nani achague nini

Anayetaka kupangisha na kuishi Uganda, simshauri Kenya isipokuwa bei ya nyumba iwe ya chini sana. Ile asilimia 30 ya pato zima humaliza faida, hasa ukiwa na mkopo. Kwa fedha kubwa, Dubai inalipa vizuri zaidi, ukishatoa ada ya huduma. Anayetaka nyumba ya kukaa mwenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka, Kenya inafaa kabisa, na baada ya kuwa mkazi kiwango cha pango kitabadilika. Anayetaka uzee wa utulivu kwa Kiswahili, Zanzibar. Uingereza nunua kwa sababu ya familia, siyo kwa sababu ya hesabu.

Na popote utakaponunua, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hapa nyumbani bado inakutazama. Mkazi wa Uganda hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, pango la Nairobi likiwemo. Sheria inakuruhusu kupunguziwa kodi uliyolipa nje, ukiwa na ushahidi. Uingereza na Afrika Kusini zina mikataba na Uganda ya kuzuia kutozwa mara mbili. Kenya haina unaofanya kazi. Ule wa Jumuiya ulisainiwa mwaka 2010 na haujaanza kutumika, hivyo cheti cha kodi uliyokatwa Kenya ndicho kinga yako peke yake.

Shangazi hakuiuza ile nyumba. Amenunua boksi la bati la biskuti na ndani yake anaweka kila karatasi: stempu, yale malimbikizo ya reti, risiti ya mabati mapya, mkataba wa fundi aliyejenga choo cha nje. Jumamosi iliyopita tulizipanga kwa miaka juu ya mkeka. Siku akiuza, karatasi za ununuzi na za ujenzi zitapunguza ile faida inayotozwa asilimia 15, na alinituma dukani kutoa nakala ya kila moja kabla wino haujafutika.